Njia nne za kuokoa kampuni iliyozidiwa na madeni: timu yenu iwapelekee waamuzi ipi?

Kwenye mashindano ya vyuo vya biashara yanayohusu kuokoa kampuni zilizozidiwa na madeni, kila timu hupewa kisa kilekile: mizania, taarifa za mapato za miaka michache, orodha ya wadai, barua ya benki inayosema masharti ya mkopo yamevunjwa, na muda mfupi wa kuandaa pendekezo. Hesabu huwa haziwagombanishi wanatimu. Kinachowagombanisha ni njia. Mmoja anataka wadai waitwe mezani kimyakimya. Wa pili anasema mahakamani, tena leo hii. Wa tatu ameshaona jina la mnunuzi kwenye kiambatisho. Wa nne anaisoma tena taarifa ya mapato na kusema kampuni hii haiokoleki. Yeyote kati yao anaweza kuwa sahihi, kutegemea yaliyomo kwenye kisa.

Hapa chini nimezipima njia hizo nne kwa vigezo vilevile: makubaliano nje ya mahakama, kujipanga upya chini ya ulinzi wa mahakama, kuiuza kampuni ikiwa bado inafanya kazi, na kuifunga na kugawa mali. Nimeegemea sheria ya ufilisi ya Marekani, hasa Sura ya 11 (kujipanga upya chini ya mahakama) na Sura ya 7 (kufunga na kugawa mali), kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana katika mafunzo ya fani hii. Kisa kikiwa cha nchi nyingine, mantiki haibadiliki sana, ila taratibu na viwango vya kura hubadilika. Uingereza, kwa mfano, tangu 2020 ina mpango wa urekebishaji unaopitishwa kwa asilimia 75 ya thamani ya madeni ya wanaopiga kura katika kila kundi, na mahakama inaweza kulilazimisha kundi lililokataa liufuate. Someni sheria ya mahali kampuni ilipo kabla ya kuandika slaidi ya kwanza.

## Vigezo kwanza

Timu nyingi huchagua njia, kisha hutafuta hesabu za kuitetea. Waamuzi ambao kazi yao ya kila siku ni ufilisi, mikopo au ushauri wa kampuni zilizokwama hulibaini hilo kwa swali moja: fedha zitaisha wiki gani? Jibuni maswali matano yafuatayo kabla jina la njia yoyote halijatajwa mezani.

Fedha taslimu zinatosha hadi lini? Chombo cha kujibu swali hili ni makadirio ya mtiririko wa fedha ya wiki 13, wiki kwa wiki: makusanyo kutoka kwa wateja, mishahara, pango, wasambazaji, kodi, riba. Wiki 13 ni robo ya mwaka, na ndicho kipimo cha kawaida cha watu wa fani hii. Kampuni inaweza kuonyesha faida vitabuni na bado ikashindwa kulipa mishahara ya mwezi huu. Kati ya vigezo vyote vitano, hiki ndicho ninachokipa uzito mkubwa zaidi, kwa sababu njia inayohitaji miezi minne haina maana kwa kampuni yenye fedha za wiki tatu.

Tatizo liko kwenye madeni au kwenye biashara? Ondoeni riba na marejesho ya mikopo kwenye hesabu, halafu mtazame kinachobaki. Ikiwa biashara inazalisha fedha, kilichoielemea ni madeni. Ikiwa inapoteza fedha hata bila deni lolote, kufuta madeni kutairefushia tu siku. Alama ya Z ya Edward Altman, kipimo cha hatari ya kufilisika kilichotoka 1968, itawaambia kwamba kampuni iliyo chini ya 1.81 iko hatarini. Haitawaambia kwa nini, na timu inayoiweka alama hiyo kwenye slaidi kama ushahidi wa njia iliyochagua imeitumia kwa kazi isiyo yake.

Wadai ni akina nani? Benki moja na wasambazaji kumi si sawa na watu mia tatu waliotawanyika wenye hatifungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji. Angalieni nani ana dhamana, dhamana ipo juu ya mali gani, na nani anaweza kukwamisha mambo kwa kusema hapana.

Muda na gharama. Wanasheria, washauri na mahakama hulipwa kabla ya wadai wengi. Kila dola yao inatoka kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Hasara itamwangukia nani? Wadai wako kwenye foleni. Mbele yuko mwenye dhamana, hadi kufikia thamani ya dhamana yake. Hufuata gharama za mchakato na madai yenye kipaumbele kama sehemu ya mishahara na kodi, kisha wasio na dhamana, na mwisho wenye hisa. Mahali thamani ya kampuni inapoishia kwenye foleni hiyo ndipo walipo wamiliki wake wapya, hata kama bado hawajaambiwa. Timu inayoweza kuonyesha mahali hapo kwa kidole inakuwa imefanya nusu ya kazi.

## Mfano mmoja kwa njia zote nne

Tuchukue kampuni ya kubuni. Inadaiwa na benki dola milioni 40 zenye dhamana juu ya mali zote. Hatifungani zisizo na dhamana ni milioni 50, na wasambazaji wanadai milioni 10. Ikiendelea kufanya kazi thamani yake ni milioni 60. Mali zikiuzwa vipande vipande zitaleta 35. Makadirio mengine yako kwenye jedwali, kwa milioni za dola isipokuwa safu ya mwisho.

| Njia | Thamani au bei | Gharama | Benki inapata | Wasio na dhamana, kwa kila dola |
|---|---|---|---|---|
| Nje ya mahakama | 60 | 2 | 40 | senti 30 |
| Chini ya mahakama | 60 | 6 | 40 | senti 23 |
| Kuuza ikiwa hai | 50 | 3 | 40 | senti 12 |
| Kufunga | 35 | 4 | 31 | 0 |

Jedwali hili linaonekana kuipa ushindi njia ya kwanza. Lakini itazameni safu ya benki: inapata milioni 40 zake katika njia tatu za kwanza. Haina sababu ya kusubiri mpango mrefu utakaowanufaisha wengine huku dhamana yake ikichakaa, kwa hiyo itasukuma mauzo ya haraka. Wenye hatifungani watavuta upande wa pili kwa nguvu zote. Mvutano huo ndio kiini cha kisa, na timu isiyoueleza itakuwa imeleta hesabu bila watu.

## Njia ya kwanza: makubaliano nje ya mahakama

Fedha taslimu. Njia hii inadai kampuni iwe na pumzi ya kutosha, angalau ya wiki zote 13, au wadai wakubali mapema kusimamisha madai kwa muda. Hakuna sheria inayomzuia mdai mwenye haraka asikamate mali mazungumzo yakiendelea.

Tatizo inalolitibu. Madeni, zaidi ya kitu kingine. Muda wa mkopo unasogezwa, riba inapunguzwa, sehemu ya deni inageuzwa kuwa hisa. Marekebisho ya ndani ya biashara yanawezekana pia, ilimradi hayahitaji kuvunja mikataba ambayo upande wa pili hautaki kuiachia. Kampuni ya vinyago ya LEGO ni mfano mzuri wa kujiokoa bila mahakama. Baada ya hasara kubwa za 2003 na 2004, Jørgen Vig Knudstorp alishika uongozi, aina za vipande vya plastiki zikapunguzwa karibu nusu, na mwaka 2005 sehemu kubwa ya umiliki wa bustani za Legoland ikauzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Blackstone. Iliwezekana kwa sababu chini ya fujo ile kulikuwa na bidhaa ambayo watu waliendelea kuitaka, na familia iliyoimiliki kampuni ilikuwa tayari kuisimamia.

Wadai. Hapa ndipo njia hii hukwama. Sheria ya Marekani ya 1939 inayosimamia hatifungani zinazouzwa kwa umma hairuhusu haki ya mwenye hatifungani ya kulipwa mtaji na riba ipunguzwe bila ridhaa yake mwenyewe. Kura ya wengi haitoshi. Anayegoma anaweza kukaa pembeni, akawaacha wenzake wapunguziwe, kisha akadai chake chote. Rudini kwenye mfano wetu. Baada ya gharama na benki zimebaki milioni 18. Wenye hatifungani za milioni 10 wakigoma na kulipwa kamili, waliokubali wanabaki na milioni 8 za kugawana kwa madai ya milioni 50, yaani senti 16 kwa dola. Ile senti 30 ya kwenye jedwali ilikuwa ya siku ambayo kila mtu amekubali.

Muda na gharama. Ndiyo nafuu kuliko zote, na ndiyo ya kimya kuliko zote. Wateja na wafanyakazi wanaweza wasijue kabisa kwamba kampuni ilikuwa ukingoni.

Hasara. Huwaangukia zaidi wakopeshaji waliokubali. Wasambazaji kwa kawaida huendelea kulipwa, na wenye hisa wa zamani mara nyingi hubakiwa na kipande.

Inaifaa kampuni yenye wadai wachache wanaofahamiana, na timu yenye mtu hodari wa kujadiliana. Jiandaeni kwa swali hili: mdai huyu akikataa, mtafanya nini Jumatatu asubuhi?

## Njia ya pili: kujipanga upya chini ya ulinzi wa mahakama

Fedha taslimu. Ombi la Sura ya 11 linapowasilishwa, zuio huanza kufanya kazi papo hapo: kesi za kudai, ukamataji wa mali na ukusanyaji wa madeni ya zamani vinasimama. Uongozi uliopo hubaki kuendesha kampuni. Mahakama inaweza pia kuruhusu mkopo mpya unaolipwa kabla ya madeni ya zamani, na bila mkopo huo mipango mingi hufa ndani ya mwezi. Kosa ninalolichukia kwenye mawasilisho ni neno "Sura ya 11" kusimama peke yake, kana kwamba mahakama inatoa fedha. Inatoa muda. Fedha lazima mseme zinatoka kwa nani, kwa riba gani, na kwa dhamana ipi ilhali mali zote zimeshawekwa rehani.

Tatizo inalolitibu. Madeni pamoja na sehemu ya biashara. Kampuni inaweza kuachana na mikataba, ikiwemo ya pango, inayoibeba kwa hasara, na mwenye jengo akabaki na dai lisilo na dhamana. Hili linaweza kuupindua mpangilio wa jedwali letu. Tuseme kufunga maduka mabovu kunapandisha thamani ya kampuni kutoka milioni 60 hadi 68, na wenye majengo wanaongeza madai ya milioni 6. Toeni gharama 6 na benki 40: zinabaki 22 kwa madai ya 66, yaani senti 33 kwa dola. Njia iliyoonekana ghali imeipita ya nje ya mahakama, tena bila wagomaji.

Shirika la ndege la Japan Airlines liliomba ulinzi wa sheria ya Japani mwezi Januari 2010 likiwa na madeni ya takribani yeni trilioni 2.3. Madeni yalipunguzwa, mfuko wa serikali ukaingiza yeni bilioni 350, na Kazuo Inamori, mwanzilishi wa Kyocera, akakubali uenyekiti bila mshahara. Safari za hasara zilifutwa, ndege kubwa zinazokula mafuta zikaondolewa, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Septemba 2012 hisa zake zilirudi sokoni. Wasimuliaji wengi hutaja kufutwa kwa madeni peke yake, wakati orodha ile ya safari zilizofutwa ndiyo iliyoifanya kampuni isirudi palepale.

Wadai. Kundi la wadai linahesabika kuwa limekubali mpango ikiwa wanaobeba angalau theluthi mbili ya thamani ya madeni yaliyopigiwa kura, na ambao ni zaidi ya nusu ya wapiga kura kwa idadi, wamesema ndiyo. Mgomaji ndani ya kundi analazimika kufuata uamuzi wa wenzake. Kundi zima likikataa, mahakama bado inaweza kuupitisha mpango kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba aliye nyuma kwenye foleni hapati kitu kabla kundi hilo halijalipwa kamili. Na kila mdai aliyekataa lazima apate angalau kile ambacho angepata kampuni ikifungwa.

Muda na gharama. Kampuni ina siku 120 za mwanzo ambazo yenyewe peke yake ndiyo inaweza kuleta mpango, na mahakama inaweza kuzisogeza hadi miezi 18 isizidi. Kila mwezi una ankara zake. Kuna njia ya mkato: kukusanya kura za wadai kabla ya kwenda mahakamani. Maduka ya Belk yaliwasilisha ombi tarehe 23 Februari 2021 na kutoka siku iliyofuata, kwa kuwa mazungumzo yalikuwa yamekwisha tayari. Timu nyingi husahau kwamba njia ya kwanza na ya pili zinaweza kuungana namna hii.

Lakini mlango wa kutokea haujahakikishwa kwa yeyote. Toys "R" Us, kampuni ya maduka ya vinyago, ilikuwa na madeni ya takribani dola bilioni 5, mengi yakitokana na namna ilivyonunuliwa mwaka 2005. Iliingia Sura ya 11 mwezi Septemba 2017 ikikusudia kutoka ikiwa nyepesi. Mauzo ya sikukuu za mwisho wa mwaka yakawa mabaya, na Machi 2018 ikatangaza kufunga maduka yake yote ya Marekani. Msimu mmoja ulitosha kuuangusha mpango mzima.

Hasara. Wasio na dhamana hukatwa sana, na wenye hisa kwa kawaida hutoka mikono mitupu. Hertz, kampuni ya kukodisha magari, ni tofauti inayofaa kukumbukwa: iliomba ulinzi Mei 2020 usafiri ulipokauka, na ilipotoka Juni 2021 wawekezaji walikuwa wameishindania kiasi kwamba wenye hisa walipata thamani ya zaidi ya dola bilioni 1. Msiwafute wenye hisa kwa mazoea. Wafuteni kwa hesabu.

Inaifaa kampuni yenye biashara nzima chini ya mzigo wa madeni na mikataba mibovu, wadai wengi waliotawanyika, na mkopeshaji aliye tayari kuifadhili safari. Timu iwe na mtu anayeifahamu sheria vizuri, maana maswali ya waamuzi hapa huingia ndani.

## Njia ya tatu: kuiuza ikiwa bado inafanya kazi

Fedha taslimu. Hii ni njia ya kampuni ambayo muda umeikimbia lakini wateja bado hawajaikimbia. Fedha za wiki sita hadi kumi zinaweza kutosha ikiwa mnunuzi ameshajulikana.

Tatizo inalolitibu. Inaitenga biashara na madeni yake. Chini ya kifungu cha 363 cha sheria ya Marekani, mnunuzi huchukua mali zikiwa zimesafishwa kwa kiasi kikubwa na madai ya zamani, na fedha za mauzo hugawanywa kwa kufuata foleni. General Motors iliwasilisha ombi tarehe 1 Juni 2009, na tarehe 10 Julai biashara yake bora ilikuwa imeshahamia kampuni mpya iliyofadhiliwa na serikali za Marekani na Kanada. Viwanda visivyotakiwa na sehemu kubwa ya madeni vilibaki kwa kampuni ya zamani. Siku 40 kwa kampuni ya ukubwa ule! Lakini usitumie mfano huu ukasahau kuwataja wanunuzi: walikuwa serikali, na kisa chenu pengine hakina serikali.

Wadai. Hawapigi kura kama kwenye mpango. Mahakama huwasikiliza wanaopinga na kuamua. Benki yenye dhamana inaweza kushiriki mnada kwa kutumia deni lake badala ya fedha taslimu, jambo linaloweza kuwafukuza wanunuzi wengine kabla hawajafungua mdomo.

Muda na gharama. Kasi ndiyo nguvu yake, na bei ndiyo udhaifu wake. Mnunuzi anayejua kwamba una wiki nne hatalipa bei ya muuzaji mwenye mwaka mzima. Kodak iliingia Sura ya 11 Januari 2012 ikitarajia kuuza hataza zake (haki za uvumbuzi) za picha za kidijitali, ambazo makadirio yalizipa thamani ya zaidi ya dola bilioni 2. Zilileta takribani milioni 527. Ndiyo maana, kwenye mauzo, waamuzi watataka kuona bei tatu na si moja: mnunuzi akiwa mmoja, mnada ukiwa na ushindani, na mnunuzi akijitoa siku ya mwisho.

Hasara. Wenye hatifungani na wasambazaji ndio waumiao zaidi, kama senti 12 za jedwali zinavyoonyesha. Upande wa pili, wafanyakazi na wateja mara nyingi hunusurika vizuri kuliko kwenye mpango mrefu unaoshindikana. Msambazaji naye anaweza kupoteza deni la zamani akabaki na mteja, na kwa biashara ndogo mteja huyo anaweza kuwa na thamani kuliko deni lenyewe. Liwekeni hili kwenye wasilisho kwa tarakimu, kwa kuwa jedwali la foleni halilionyeshi.

Inaifaa kampuni ambayo biashara yake ingekuwa na thamani kubwa ndani ya kampuni nyingine yenye mtaji, na timu inayoweza kuthamini kwa njia zaidi ya moja na kueleza kwa nini majibu yanatofautiana.

## Njia ya nne: kuifunga na kugawa mali

Shindano linaitwa la kuokoa, kwa hiyo timu huikwepa njia hii kama tusi. Si haki. Kuna kampuni ambazo kuendelea kuziendesha ni kuchukua fedha za wadai na kuziteketeza, na mtu mwenye ujasiri wa kulisema hilo akiwa na hesabu mkononi anastahili kusikilizwa.

Fedha taslimu. Zinahitajika za kufungia tu: kulinda mali, kuendesha mauzo ya mwisho, kulipa wanaobaki hadi mlango ufungwe. Kampuni iliyochelewa hukosa hata hizo.

Tatizo inalolitibu. Biashara ambayo thamani yake ikiendelea ni ndogo kuliko thamani ya mali zake. Kama kampuni ya mfano wetu ingekuwa na thamani ya milioni 30 ikiendelea dhidi ya 35 ikivunjwa, mjadala ungekuwa umekwisha.

Wadai, muda na gharama. Chini ya Sura ya 7 msimamizi aliyeteuliwa hukusanya mali, huziuza na kugawa. Kufunga kwa utaratibu ndani ya Sura ya 11, uongozi ukiwepo, kunaweza kuleta bei nzuri zaidi kwa bidhaa zinazohitaji kuuzwa na wanaozijua. Circuit City, kampuni ya maduka ya vifaa vya elektroniki, iliomba ulinzi Novemba 2008 ikitafuta mpango au mnunuzi. Mikopo ilikuwa imekauka duniani, na Januari 2009 ikatangaza kuuza kila kilichomo kwenye maduka yake 567 ya Marekani.

Hasara. Wafanyakazi wote, karibu 34,000 katika kisa hicho cha Circuit City. Timu inayopendekeza kufunga iseme watu watajulishwa lini na watalipwa nini. Sheria ya Marekani ya 1988 inawataka waajiri wenye wafanyakazi 100 au zaidi kutoa taarifa ya siku 60, isipokuwa kwa mazingira machache. Slaidi ya mali bila slaidi ya watu inakera, na inastahili kukera.

Inaifaa kampuni yenye mali zinazouzika na biashara isiyouzika. Hata mkiikataa, hesabu yake mnaihitaji, kwa sababu mpango wowote wa mahakamani hupimwa dhidi yake.

## Mkikwama, tazameni hali iliyo mbele yenu

Biashara ina faida kabla ya riba, wadai ni watano au sita, fedha zinafika wiki 13 na kuendelea: anzeni nje ya mahakama, na wekeni mpango uliopigiwa kura mapema kama akiba dhidi ya wagomaji.

Biashara ina faida lakini hatifungani zimetawanyika na nusu ya mikataba ya pango ni ya hasara: mahakama ina nguvu ambazo mazungumzo hayana. Kabla ya kuandika neno lolote, tafuteni mkopeshaji wa mkopo mpya ndani ya kisa. Hayupo? Basi angalieni mauzo.

Fedha ni za wiki chache, chapa ina nguvu, na kisa kimemtaja mshindani mwenye mtaji: uzeni, na tumieni muda wenu mwingi kwenye namna ya kumpata mnunuzi wa pili, maana bei ya wa kwanza itategemea uwepo wake.

Biashara inapoteza fedha hata bila riba, na sababu iko sokoni na si kwenye uongozi: linganisheni kufunga na kuuza, kwa uaminifu. Mara nyingi jibu ni mchanganyiko, tawi moja likiuzwa likiwa hai na mengine yakifungwa.

Tatizo ni uongozi au udanganyifu wa hesabu: njia inayowaacha viongozi walewale usukani itawaletea maswali magumu. Chini ya Sura ya 11 mahakama inaweza kuteua msimamizi wa nje, na pendekezo lenu liseme kama mnalitaka hilo.

Na timu ikiwa imegawanyika katikati, huku tarakimu zikiruhusu njia mbili, msitafute maneno ya kuzifunika zote. Chagueni moja, kisha andikeni kwenye slaidi ya wiki 13 dalili mahususi itakayowahamishia kwenye ya pili: salio la fedha likishuka chini ya kiasi fulani, mkopeshaji asiposaini hadi wiki ya tatu, au wagomaji wakivuka asilimia mliyoitaja. Andikeni pia jina la cheo cha atakayefanya uamuzi huo siku hiyo.